Vidonge vya Rangi ya Asali

Jumatatu, 10 Novemba 1997
Daftari hili ni la miguu ya Mama. Ndivyo alivyoniagiza Daktari Nikodemo leo kliniki: "Joha, uwe unaandika kila siku. Miguu imevimba mpaka wapi, amelalia mito mingapi, pumzi ikoje. Mgonjwa husahau, na binti wa mgonjwa husahau zaidi." Mimi ni mpiga chapa wa serikali, nimeandika maneno ya wakubwa miaka kumi na minane, kwa hiyo kazi ya kuandika miguu naiweza.

Mama aliletwa hapa Dodoma kutoka kijijini Busi, Kondoa, wiki iliyopita. Hawezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Daktari amesema moyo umepanuka kwa sababu ya presha ya miaka mingi ambayo hakuna aliyeijua. Ametoa bahasha mbili za vidonge vyeupe, kimoja cha kuupa moyo nguvu, kingine cha kutoa maji mwilini, na akasema hivi ni vya maisha. Chumvi apunguze, na hata magadi kwenye mlenda aache. Aliposikia la magadi, Mama alimtazama kijana wa watu kana kwamba ameambiwa aache kuswali.

Miguu: mpaka magotini. Mito: mitatu.

Alhamisi, 13 Novemba
Miguu: chini ya magoti. Mito: mitatu. Analalamika kwamba anashinda chooni. "Nimekuwa bomba la hapa kwenu Miyuji," anasema, "tofauti ni kwamba mimi sikatiki."

Jumatatu, 17 Novemba
Miguu: vifundoni tu. Mito: miwili. Amekaa uwani akichambua karanga na kuniambia sijui kufagia.

Jumatano, 19 Novemba
Siku hizi kila mtu ofisini anauza kitu. Mhasibu anauza mayai, dereva anauza mitumba, na tangu orodha ya watakaopunguzwa kazi ianze kunong'onwa, hata mkuu wetu ameleta sampuli za sabuni. Evodia wa masijala ndiye aliyetupita wote. Anauza vidonge vya kutoka ng'ambo, kopo zuri lenye kifuniko cha dhahabu, ndani vidonge laini vya rangi ya asali, ukikiweka kimoja juani unaona upande wa pili.

"Da Joha," akaniambia, "jembe ukiliacha nje masika nzima linakuwaje?"

"Linashika kutu."

"Basi na mwili ni hivyo hivyo. Moyo wa mama una kutu. Hospitali watakupa dawa ya kukojoa, sawa, lakini kutu nani ataitoa?" Akanipa karatasi yenye picha ya moyo mwekundu na neno refu, antioksidanti, chini yake vitamini E, beta-karotini, seleniamu. Nikaisoma mara mbili huku nikisafisha herufi za mashine yangu ya chapa. Imepigwa chapa vizuri sana, hakuna kosa hata moja. Mtu wa kazi yangu huamini karatasi isiyo na kosa, na hilo nalijua.

Nimenunua kopo moja.

Jumatatu, 24 Novemba
Kliniki. Nimemwonyesha Daktari Nikodemo lile kopo. Akaligeuza, akasoma maandishi yote mpaka ya chini kabisa, wakati foleni inakohoa nje.

"Sina ugomvi navyo," akasema. "Huko kwenye vyuo vikubwa bado wanabishana kama vinausaidia moyo au havisaidii. Ukiwa na uwezo, mpe. Lakini hivi ni vya kusindikiza tu. Vyeupe ndivyo dawa. Vyeupe asiache hata siku moja, tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Rohoni niliona ni wivu wa mtu wa serikali anayefanya kazi chini ya dari linalovuja. Ametoa vyeupe vya miezi mitatu kwa sababu Mama anataka kurudi kabla mvua hazijafunga njia.

Miguu: haijavimba. Mito: mmoja!

Jumamosi, 29 Novemba
Mama amekwenda. Nilimsihi abaki, akasema mvua haimsubiri mtu aliyelala kwa binti yake. Nimempeleka stendi na kikapu, kanga mpya, bahasha mbili za hospitali na kopo langu la asali. Ndani ya basi, dirishani, akaniuliza mara ya mwisho nimweleze zipi ni zipi.

Sijui ni kwa nini nilijibu nilivyojibu. Kondakta alikuwa anapiga bodi, watu wanatusikiliza, na mama mmoja aliyekaa jirani yake alikuwa analiangalia lile kopo kwa kutamani. Nikasema kwa sauti, "Hizi za asali ndizo dawa yenyewe ya moyo, Mama. Zimetoka mbali. Zile nyeupe za serikali ni za kusindikiza." Mama akaliingiza kopo kifuani, ndani ya blauzi, akanishika mkono. Macho yake yalijaa.

Nimeyageuza kidogo maneno ya daktari, lakini nia ilikuwa kumtia moyo. Nitamwandikia barua kumkumbusha vyeupe.

Jumatano, 3 Desemba
Mvua.

Jumamosi, 6 Desemba
Mvua. Hakuna miguu ya kuandika, naandika mvua.

Jumanne, 16 Desemba
Haijakatika siku nne. Redio inasema ni hii wanayoiita Elinino. Dodoma hatujazoea, sisi ni watu wa kuomba mvua, hatujui namna ya kuiomba iishe. Reli imekatika. Ukuta wa choo cha jirani umelala. Barua ya Mama sijaiandika bado.

Jumatatu, 22 Desemba
Barua kutoka Busi, imekuja mkononi mwa kondakta, imelowa kona moja. Kaandika Mwalimu Gaudence wa pale kijijini kwa sababu Mama hajui kuandika, lakini sauti ni yake kabisa:

"Mwanangu Joha, sisi wazima. Mahindi yanataka kuoza lakini ulezi umekubali. Vidonge vyako vya asali nameza kila siku kwa Bismillahi. Watu wanakuja kuviangalia. Sishindi chooni tena, nashinda shambani. Kuluthumu anakusalimu. Miguu inamvimba naye, maskini, na hana mtoto mjini. Nimemsaidia nilichoweza."

Kuluthumu ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta na shoga yake tangu wote walipoolewa. Nimefurahi. Nimemsomea Evodia barua nzima, naye akainakili sentensi ya vidonge kwenye daftari lake.

Jumatano, 31 Desemba
Ramadhani imeanza na mvua. Futari ya mihogo na maji yanaingia chini ya mlango.

Jumapili, 11 Januari 1998
Mvua.

Ijumaa, 30 Januari
Idd. Nilitaka kwenda Busi, mabasi ya Kondoa yamerudi yote, barabara imekatwa na korongo. Nimekula pilau peke yangu, pilau yenyewe bokoboko.

Jumanne, 10 Februari
Barua. "Nimefunga zote thelathini, mwanangu, sikukosa hata moja. Miguu inavimba kidogo jioni lakini hiyo ni baridi ya mvua, kila mtu ni hivyo huku. Nalala nimeegemea magunia, ndivyo ninavyosikia raha."

Kafunga zote! Mwezi wa kumi na moja alikuwa hawezi kufika mlangoni.

Jumapili, 15 Februari
Leo nimesimama mbele ya watu.

Evodia na wenzake walikodi ukumbi nyuma ya soko, viti vya plastiki, bendera za karatasi, na bwana mmoja wa tai nyekundu kutoka Dar es Salaam. Watu walikuwa wanasimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Mmoja macho yalifunguka, mwingine presha ilishuka. Evodia akanikonyeza. Nikasimama na barua mkononi.

Nilianza kwa haya, baadaye haya zikaisha. Nikasema mama yangu aliletwa amebebwa. Kweli. Nikasema hakuweza kufika mlangoni. Kweli. Nikasema nikampa hivi vidonge, na amefunga Ramadhani nzima na analima. Watu wakapiga makofi. Bwana wa tai akauliza, "Na alikuwa anatumia kitu kingine chochote?" Nikaziona zile bahasha mbili mbele ya macho yangu, wazi kabisa. Nikasema, "Hivi tu."

Wakapiga makofi tena, wengine wamesimama. Sijawahi kupigiwa makofi tangu nizaliwe. Mpiga chapa hapigiwi makofi.

Wakati wa kutoka alinifuata mzee mmoja wa hapa Miyuji anaitwa Henry, fundi saa. Mkewe, Edina, ana moyo uliopanuka vilevile. Amenishika mikono yote miwili akanishukuru. Amenunua makopo mawili.

Ijumaa, 27 Februari
Basi la kwanza la Kondoa limeondoka leo. Vyeupe vya Mama vinaisha mwezi huu, nilijua. Nilikwenda hospitali saa mbili, foleni imefika kwenye geti, na basi linaondoka saa nne. Nikampa kondakta kopo jipya la asali. Vyeupe nitatuma basi linalofuata.

Jumatano, 4 Machi
Mvua. Basi halikwenda.

Alhamisi, 12 Machi
Simu ofisini, kutoka posta ya Kondoa, Mwalimu Gaudence. Mkuu aliniita mwenyewe, na alivyolitamka jina langu nikajua. "Mama hali yake si nzuri, Joha. Hawezi kulala, anakaa tu. Njoo kama unaweza, na kama huwezi, njoo."

Nimekwenda kliniki nikajiingiza mbele ya foleni bila aibu. Daktari Nikodemo hakuwapo, yuko semina. Muuguzi amenipa vyeupe vichache kwa ile kadi ya zamani, akasema havitoshi, lakini mwanzo ni mwanzo. Kesho alfajiri naondoka.

Jumanne, 17 Machi, Busi
Naandika haya nimekaa juu ya kinu kilichogeuzwa. Lazima niyaandike yote, kwa mpangilio, kama nilivyoagizwa.

Ijumaa nilipata lori la saruji mpaka Kondoa. Njiani lilikwama, tukashuka kusukuma, na kwenye korongo la pili mkoba wangu ulichukuliwa na maji nikiwa naushikilia kwa kamba yake. Vyeupe vilikuwa ndani ya mkoba; daftari hili lilipona kwa sababu nilikuwa nimelifunga kiunoni. Nililia pale katikati ya wanaume wenye matope, dereva akadhani nalilia fedha.

Jumamosi mchana nikafika, kwa miguu. Mama alikuwa amekaa ameegemea magunia ya ulezi. Miguu ilikuwa imevimba mpaka mapajani, ngozi inang'aa. Kila maneno matatu anapumzika. Makopo mawili ya asali yamepangwa juu ya sanduku kichwani pake, moja tupu limeoshwa, kifuniko cha dhahabu kinawaka. Kuluthumu alikuwepo, anampepea kwa ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Kuluthumu. Mama akatabasamu tu.

Nikauliza hata kabla sijakaa. "Mama, vile vyeupe viko wapi?"

Mama akamtazama Kuluthumu, akanitazama mimi. "Vimekwisha, mwanangu."

Hesabu ilikuwa sawa, miezi mitatu ilikuwa imepita, na aliyepaswa kutuma vingine ni mimi. Sikuuliza zaidi. Kuluthumu aliinamisha uso, akaendelea kupepea.

Vijana walitengeneza machela. Hospitali iko Kondoa, na mto ulio katikati, niliouvuka asubuhi maji yakiwa magotini, sasa ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenyekiti wa kijiji akaenda kuuangalia, akarudi, akasema kesho asubuhi ukishuka. Jumapili asubuhi haukushuka. Mama akaniita niketi karibu. Akaomba mlenda wa magadi. Nikampikia, nikatia magadi mengi, na alikula vidole viwili. Akasema, kwa mapumziko, "Dawa yako nilimeza. Sikukosa hata siku moja. Usije ukafikiri sikumeza."

"Najua, Mama."

"Watu wote walikuja kuiangalia."

Mchana huo, baada ya adhuhuri na kabla ya alasiri kuadhiniwa, alikata roho akiwa amekaa. Mvua ilikuwa imeacha. Tumemzika jana, Jumatatu. Kaburi lilikuwa linajaa maji, wanaume walikuwa wanayachota kwa ndoo.

Miguu. Mito. Pumzi. Nimeandika.

Jumatano, 18 Machi
Khitma. Nimechoka kusema "tumshukuru Mungu".

Watu walipoondoka, Kuluthumu alibaki. Alikwenda kwake akarudi na kitu amekifunga kwenye ncha ya kanga, akafungua fundo taratibu. Zilikuwa bahasha mbili za hospitali. Zimekunjwa vizuri, hazina hata doa la maji. Mwandiko wa Daktari Nikodemo juu yake: moja asubuhi, moja asubuhi. Zimejaa karibu zote.

"Hizi ni za marehemu," akasema. "Alinipa mwezi wa kumi na mbili. Alisema wewe umempa dawa yenyewe, na hizi ni za kusindikiza, akaona haifai awe na dawa za namna mbili na mimi miguu inavimba sina hata moja. Mama yako hakujua kula peke yake."

Akaendelea, macho chini.

"Mimi sikuzimeza. Niliogopa, si za jina langu. Lakini mgonjwa akikupa kitu kwa mkono wake utamrudishiaje? Kila asubuhi alikuwa ananiita ukutani, 'Kuluthumu, umemeza?' Nami namjibu, 'Nimemeza, shoga.' Anafurahi."

"Jumamosi," nikasema. "Nilipouliza. Ulikuwa umekaa pale."

"Alisema zimekwisha." Sasa alikuwa analia. "Alisitiri jina langu, nisionekane ombaomba mbele yako. Na mimi ningesema ziko kwangu, ningemfanya mwongo mbele ya mwanawe, naye yuko katika hali ile. Nikasema moyoni, huyu binti anatoka mjini, amekuja na nyingine."

Ukuta kwa ukuta. Kutoka kwenye yale magunia mpaka kwenye sanduku la Kuluthumu ni hatua ambazo hata Mama, mwezi wa kumi na moja, angezitembea.

Nilitaka kumkasirikia. Nilijaribu kabisa, Mungu anisamehe, nikatafuta neno kali na sikulipata. Yeye alidanganya asimvunje moyo rafiki yake. Mimi nilidanganya nipigiwe makofi.

Nikapokea zile bahasha. Nikamwambia asante kwa kuzitunza.

Ijumaa, 27 Machi, Dodoma
Nimerudi. Ofisini wamenipa pole na mchango. Evodia alinikumbatia akalia kweli, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini alikuwa anavimeza?" Nikamwambia hakukosa hata siku moja.

Jumatatu, 30 Machi
Mvua kidogo. Nimepita mbele ya duka la yule fundi saa, Henry. Nilivuka barabara asinione.

Alhamisi, 2 Aprili
Tena nimevuka barabara.

Jumamosi, 4 Aprili
Leo sikuvuka. Duka limefungwa. Nikauliza nyumba, nikabisha hodi.

Mzee Henry mwenyewe alinifungulia, akafurahi, akaita ndani, "Edina! Yule mama wa ushuhuda amekuja!" Mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti, ameegemea mito. Sikuhitaji kuuliza, macho yangu yalikwenda moja kwa moja miguuni. Mpaka magotini. Mezani kopo la kifuniko cha dhahabu limewekwa juu ya kitambaa kilichofumwa.

"Kliniki ameacha tangu Februari," akasema mzee. "Tulisema kama mama yako alipona kwa hivi tu, basi sisi nani."

Nikasema, "Mama yangu amekufa."

Nikawaambia yote, nimesimama, kwa sababu sikukaribishwa tena kukaa. Kwamba zilikuwapo bahasha mbili. Kwamba zilizomwinua Mama kutoka kitandani zilikuwa zile, na hizi za asali labda zina faida yake na labda hazina, wenye elimu bado wanabishana, lakini dawa si hizi. Kwamba niliulizwa mbele ya watu na nikasema uongo. Mzee Henry hakunitukana. Alivua miwani akawa anaifuta, anaifuta.

Edina ndiye aliyesema. "Jumatatu kliniki inafunguliwa saa ngapi?"

Jumatatu, 6 Aprili
Tulikuwa wa kwanza kwenye foleni, mimi na mzee Henry tumemshika Edina huku na huku. Daktari Nikodemo alimpima kwa muda mrefu, akaandika, akatoa bahasha. Akasema amewahi.

Halafu akaniona mimi. "Aa, Joha! Karibu. Na Mama anaendeleaje? Miguu unaandika?"

Nikafungua mkoba, nikaziweka mezani zile bahasha zake mbili. Aliutambua mwandiko wake. Alizinyanyua, akahisi uzito, akafungua moja akachungulia ndani, na alipoinua uso hakuniuliza tena.

"Pengine zingemwongezea muda," akasema baadaye, taratibu. "Pengine mwaka, pengine masika moja. Sitakudanganya kwamba najua."

Nikamshukuru kwa kutonidanganya.

Nje kulikuwa na jua, la kwanza la maana tangu Novemba. Nikamnunulia Edina chupa ya maji kwenye kibanda, nikamfungulia bahasha. Akasema atameza akifika nyumbani, hapa watu wanamwangalia. Nikamwambia hapana, mama, meza sasa hivi. Akameza. Nikamwomba afungue mdomo.

Miguu: mpaka magotini. Mito: mitatu. Nitapita kwake kesho.